Kinywa cha Kweli

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji amezoea nyumba yake hata haoni tena ufa ulio ukutani. Mgeni aingia leo, na ule ufa ndio wa kwanza kumpiga machoni. Neno hilo nililikumbuka jioni moja hapa Nundu, tulipotazama sinema ya watu wa mbali, na mzee mmoja wa kijiji akaona ndani yake mambo ambayo mimi, niliyekuwa nimekwisha kuitazama mara tatu, sikuyaona hata kidogo.

Tulikuwa tumetundika shuka nyeupe katika ukuta wa darasa. Mashine ya umeme ilinguruma nje chini ya mwembe. Upande wa machweo milima ilikuwa imekwisha kuwa myeusi, na upande wa mawio taa za wavuvi zilianza kuonekana ziwani, moja moja, mithili ya nyota. Wanafunzi walikaa chini mbele, akina mama katika madawati, wazee nyuma karibu na mlango. Sinema yenyewe husema Kiingereza. Mimi nilisimama kando ya shuka nikiyageuza maneno kwa Kiswahili, na pale mashine ilipopiga kelele mno, nikayageuza kwa mikono.

HADITHI YENYEWE

Jina la sinema hiyo ni Roman Holiday, ndiyo kusema Mapumziko ya Roma. Ilipigwa mjini Roma mwaka 1952, ikatolewa mwaka 1953, chini ya uongozi wa William Wyler. Haina rangi ila nyeusi na nyeupe. Ni sinema ya kuchekesha, lakini kicheko chake kina mwiba ndani.

Binti mfalme mmoja, jina lake Ann, anazunguka katika miji mikubwa ya Ulaya kwa kazi za heshima. Kila saa ya siku yake imekwisha kuandikwa na wengine: asubuhi hotuba, adhuhuri karamu, jioni kusalimiana na mabalozi. Usiku mmoja mjini Roma moyo wake wachoka, analia kama mtoto. Mganga anamdunga sindano ya kumtuliza, naye, kabla dawa haijamshika, anatoroka ndani ya gari la mizigo. Dawa inamlaza kando ya njia. Hapo anapita Joe Bradley, mwandishi wa habari Mwamerika, akirudi kutoka mchezo wa karata. Hamjui. Anamhurumia, anampeleka chumbani mwake apate pa kulala.

Kesho yake Joe aona picha ya binti mfalme gazetini, na mara atambua ni nani aliyelala kwake. Hamwambii. Akimbilia kwa mkuu wake, naye amwahidi dola 5,000 kwa habari kamili za siri za binti huyo. Tena wawekeana dau la dola 500, mkuu akisema Joe hataweza. Basi Joe amwita rafiki yake Irving, mpiga picha, mwenye kamera ndogo iliyofichwa ndani ya kiberiti cha sigara. Siku nzima wanamtembeza yule msichana mjini kama rafiki, na kumbe kila hatua anayopiga inatiwa katika mfuko wa biashara. Yeye naye hasemi kweli: ajiita Anya, asema ametoroka shule. Joe ajiita mchuuzi, muuzaji wa mbolea na madawa.

Hivyo wote wawili wamevaa barakoa. Mmoja ameivaa ili apumue kidogo, mwingine ameivaa ili apate fedha.

MASWALI YA MZEE

Watoto walicheka sana. Walicheka hasa pale mkahawani, ambapo Irving, asiyejua bado hila ya rafiki yake, ataka kusema kwamba msichana huyu afanana mno na binti mfalme. Kila afumbuapo kinywa, Joe ampiga teke chini ya meza, ammwagia kinywaji, hata ampindua kitini. Darasa zima lilitikisika kwa kicheko.

Mzee wangu hakucheka. Alinyosha mkono kama mwanafunzi, akaniita:

“Mwalimu, yule anayepigwa amekosa nini?”

“Hakukosa kitu, Mzee. Anataka kusema yule msichana ni nani.”

“Yaani anataka kusema kweli?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Naye anapigwa, nasi tunacheka.”

Nilinyamaza. Sinema iliendelea bila mfasiri kwa muda.

Baadaye aliuliza tena. Mbona yule binti hatafutwi na baba wala mama, bali na askari wa siri waliovaa suti? Nikajibu kwamba wazazi wake hawaonekani katika hadithi. Akasikitika: “Basi ni yatima mwenye mali.” Akauliza pia, mbona Joe alipomwokota njiani hakumwuliza ukoo wake? Kwetu mgeni hupewa kiti na maji. Akiisha kunywa aulizwa ametoka kwa nani, babaye nani, na ukoo gani. Nikamweleza kwamba Joe aliuliza akaapo, naye kwa usingizi akajibu kwamba akaa Colosseum, yaani katika magofu ya uwanja wa kale wa Warumi. Hapo mzee ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza, akasema, “Mtu asemaye anakaa katika magofu asiachwe peke yake.”

Akina mama nao walikuwa na shaka yao, walipoona binti amelala katika chumba cha mwanamume. Walinong'ona. Lakini walipoona Joe hamgusi, ila tu amebiringisha godoro msichana akadondokea katika kiti kirefu, ili yeye apate kitanda chake, wakatulia. Mama mmoja alisema, “Mwili wake amemheshimu.” Mzee akajibu toka nyuma, “Mwili, ndiyo. Jina lake anakwenda kuliuza.”

Wasomaji wapenzi, nimesoma miaka mingi, nami nimefundishwa kupanga mafundisho ya maadili katika vifungu. Lakini sijasikia jambo hili likisemwa kwa maneno machache kuliko hayo.

JIWE LA ROMA

Katika sinema hiyo kuna mahali ambapo kila Mkristu afikaye Roma anaweza kupaona kwa macho. Ni ukumbini mwa kanisa la Santa Maria in Cosmedin. Hapo pamesimamishwa ukutani bamba kubwa la marmari, la mviringo, lenye uso wa mtu mwenye ndevu na kinywa wazi. Ni kazi ya Warumi wa kale. Watu waliita Kinywa cha Kweli, na masimulizi ya zamani yasema kwamba mwongo akitia mkono wake kinywani humo, utakatwa.

Joe ampeleka Ann huko, amweleza hadithi. Ann atia mkono polepole, na upesi aurudisha. Kisha Joe atia wa kwake, na ghafula apiga kelele, auvuta, na tazama, kiganja hakipo! Msichana apiga yowe. Kumbe amekificha ndani ya mkono wa koti. Ni mzaha. Lakini tazama vema, msomaji: mwongo asimama mbele ya jiwe la kweli, naye aponyoka kwa kudanganya mara ya pili.

Na ajabu kubwa zaidi haimo ndani ya sinema, bali nyuma yake. Aliyeitunga hadithi hiyo ni Dalton Trumbo. Kwa sababu ya msukosuko wa siasa katika Marekani, alikuwa amefungwa gerezani mwaka 1950 baada ya kukataa kuijibu kamati ya Bunge juu ya ukomunisti, na wenye makampuni ya sinema wakakataa kumpa kazi kwa jina lake. Ndipo rafiki yake, Ian McLellan Hunter, alipokubali jina lake litumike. Mwaka 1954 zawadi ya Oscar kwa hadithi bora ilitolewa kwa jina la Hunter. Trumbo alikufa mwaka 1976. Zawadi ilitolewa kwa jina lake mwenyewe mwaka 1993, na mwaka 2011 chama cha waandishi wa sinema kikamrudishia pia heshima ya uandishi wa mchezo wenyewe. Basi hadithi ya watu waliojificha iliandikwa na mtu aliyejificha. Kweli ilikawia miaka arobaini, lakini ilifika.

JE, YAFAA KUDANGANYA ILI KUPATA KWELI?

Swali hili si la leo. Yapata mwaka 420, Mtakatifu Agustino aliandikiwa na Konsensio habari za Wakatoliki wa Hispania, ambao walitaka kuwafichua wazushi walioitwa Wapriskiliani. Wazushi hao waliona si dhambi kusema uongo ili kuficha imani yao. Basi baadhi ya Wakatoliki wakasema: nasi tujifanye wenzao, tuingie kati yao, tuwajue. Huu ndio upelelezi wa kujificha, kabla ya magazeti kuwako! Agustino alijibu kwa kitabu kizima cha kuukataa uongo. Alikataa kabisa. Uongo, alifundisha, haupondwi kwa uongo. Na mtu akiisha kujua kwamba ulimdanganya ili kumvuta kwenye kweli, atakuaminije siku utakaposema kweli yenyewe?

Mtakatifu Toma wa Akwino aliifuata njia hiyo, naye akaongeza tofauti moja ya kutufaa. Kusema uongo hakuruhusiwi. Lakini kuifunika kweli kwa busara kwaweza kuruhusiwa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba hakuna mtu apaswaye kumfunulia kweli yule asiye na haki ya kuijua. Hivyo kunyamaza si sawa na kudanganya. Joe kama angalinyamaza tu juu ya kazi yake, tungaliweza kubishana. Lakini aliposema yeye ni muuzaji wa mbolea, ubishi ulikwisha.

Hata hivyo wako waandishi waliojificha kwa ajili ya wanyonge. Mwaka 1887, mjini New York, mwanamke kijana aliyejulikana kwa jina la Nellie Bly alijifanya mwenye wazimu, akafungiwa siku 10 katika hospitali ya wanawake wenye wazimu kisiwani Blackwell. Alikula chakula kibovu walichokula wao, akaogeshwa maji ya baridi kama wao. Alipotoka aliandika yote katika gazeti la World. Baraza likachunguza, na fedha za kuwatunza wagonjwa zikaongezwa. Katika Afrika yetu, Anas Aremeyaw Anas wa Ghana hufunika uso wake kwa shanga mbele ya watu. Mwaka 2015 picha zake za siri ziliwaonyesha mahakimu wakipokea rushwa, na wengi wakafukuzwa kazini. Mwenzake, Ahmed Hussein-Suale, alipigwa risasi akafa mjini Accra mwezi Januari 2019.

Sithubutu kumpinga Mtakatifu Agustino. Lakini naona kuna jambo la kuuliza kabla ya kuwapima watu hawa kwa mizani moja na Joe Bradley: ni nani alipaye gharama? Nellie Bly alilipa kwa mwili wake mwenyewe ili wengine wapone. Joe alitaka kupokea dola 5,000, na gharama ilipwe na msichana aliyemwamini. Siri ya mtungi yajulikana na kata; lakini si kila kata iingiayo mtungini inakwenda kumnywesha mwenye kiu.

SISI WA FIZI TWAJUA

Nchi yetu ya Fizi imewahi kupokea wageni wa namna zote mbili, wenye majina wazi na wenye majina ya kuficha.

Mwezi Aprili 1965 mtu mmoja alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akashuka Kibamba pamoja na wenzake. Alikuwa amebadili sura yake, naye aliitwa Tatu, kwa hesabu ya Kiswahili: moja, mbili, tatu. Siku za kwanza hata waasi aliokuja kuwasaidia hawakumjua. Kumbe alikuwa Ernesto Che Guevara, mkuu mashuhuri wa mapinduzi ya Kuba. Mwezi Novemba mwaka ule ule alivuka ziwa tena na kuondoka, na vita vyake vilikuwa vimeshindwa.

Miezi mitano tu kabla ya kuja kwake, tarehe 28 Novemba 1964, waliuawa watu wanne waliokaa kwetu kwa majina yao: Bruda Vittorio Faccin na Padre Luigi Carrara huko Baraka, Padre Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert huko Fizi. Hatari waliijua. Kila mtu alijua nyumba yao ilipo, kengele yao inapigwa saa ngapi, na ni nani alalaye ndani. Hawakuwa na barakoa. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, walitangazwa kuwa Wenye Heri, na wengi wetu tulikuwako au tulisikiliza kwa redio.

Na tukisema redio, tusisahau kwamba waandishi wa habari pia wamekufa katika mkoa wetu wakiwa na majina wazi. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa mjini Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake Didace Namujimbo akauawa huko huko tarehe 21 Novemba 2008. Sauti zao zilijulikana katika kila nyumba yenye redio. Mtu asemaye kweli kwa jina lake mwenyewe hana ukuta wa kujificha nyuma yake ila Mungu.

KIBERITI CHENYE JICHO

Yawezekana msomaji atasema: mambo haya ni ya waandishi na ya wakuu, mimi ni mkulima, mwanangu ni mwanafunzi, yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Kile kiberiti cha Irving, chenye jicho ndani, kilikuwa kitu cha ajabu mwaka 1953. Leo kimo katika mfuko wa mtoto wa miaka kumi na mitano, nacho chaitwa simu.

Katika shule moja ya pwani yetu ilitokea hivi. Msichana mmoja alimwambia mwenzake habari za huzuni za nyumbani kwao. Kijana mmoja aliyeketi karibu alizinasa kwa simu yake kwa siri, ili kuwachekesha rafiki zake. Jioni zilikuwa katika simu tano. Jumapili zilikuwa Baraka, Mboko na Uvira. Msichana aliacha kuja shuleni. Baba yake hakupita tena njia ya sokoni. Na katika nchi ambayo neno moja lililopotoshwa limekwisha kuwasha moto kati ya ukoo na ukoo, kijiji na kijiji, nani atasema kwamba ule ulikuwa mchezo wa watoto?

Yule kijana alikuwa mmoja wa watazamaji wetu jioni ile.

MWISHO WA SINEMA

Wasomaji ambao hawajaiona sinema hii wataka kujua yalivyokwisha. Jioni ya siku ile askari wa siri wamkuta Ann akicheza ngoma mtoni. Vurugu yatokea, Joe na Ann waruka majini wakaokoka. Kufika hapo mioyo yao imekwisha kupendana. Lakini Ann akumbuka wajibu wake, naye, bila kulazimishwa na mtu, arudi kwa kazi yake. Joe naye aenda kwa mkuu wake mikono mitupu: hana habari ya kuuza. Dola 5,000 zimepotea, na dau amelishindwa.

Kesho yake binti mfalme akutana na waandishi wa habari wote katika jumba kubwa. Ashuka, apita mstari, awapa mkono. Na katika mstari huo aona Joe na Irving. Sasa ajua walikuwa nani. Joe, kwa maneno ya heshima ambayo wengine wote wayasikia bila kuyaelewa, ampa ahadi kwamba imani yake kwa watu haitavunjwa. Irving amkabidhi bahasha, kana kwamba ni zawadi ya ukumbusho wa Roma. Ndani yake zimo picha zote za siri.

Darasa lilikuwa kimya. Wasichana waliona huzuni kwamba hawakuoana. Lakini mzee alisema, “Sasa ndiyo wameamkiana. Jana walikuwa hawajaonana bado.”

Nami nikaeleza neno ambalo kila mtoto wa Komunyo ya kwanza alijua. Kitubio chataka majuto, chataka maungamo, chataka malipizi. Joe alijuta. Kusimama kwake kati ya waandishi, mbele ya macho yake, kulikuwa kama maungamo. Ile bahasha ilikuwa malipizi. Mwizi hasamehewi huku kuku yuko kwapani mwake; hurudisha kuku kwanza.

Watu walipokwisha kutawanyika, nilibaki kukunja shuka. Yule kijana alikuwa bado mlangoni.

“Mwalimu,” akasema, “yule mpiga picha alizitoa zote?”

“Alizitoa katika bahasha, kama ulivyoona.”

“Hakubaki na nyingine?”

Nilitaka kumjibu upesi, nikakosa la kusema. Picha za Irving zilitosha katika bahasha moja. Za siku hizi hazina bahasha. Mwishowe nilimwambia hivi: “Ulizonazo, uzifute. Uliowapa, uwaendee mmoja mmoja, uwaombe wafute. Zile usizozifikia, uende kwa wenyewe ukawaambie ni wewe.”

Sikumsindikiza, maana si mimi niliyekosa. Alikwenda siku ya tatu pamoja na mama yake, hodi mlangoni kwa baba wa msichana. Yaliyosemwa humo hayanihusu, wala hayakuhusu gazeti. Najua tu kwamba hayakwisha siku ile, na kwamba wiki ya pili msichana alirudi darasani, akaketi dawati la mbele, mbali na wengine.

Enyi wazazi, mnapompa mtoto simu, mwambieni kwamba mmempa pia kinywa, na kwamba amri ya nane yaamuru kinywa hicho kama kile alichozaliwa nacho. Enyi wanafunzi mnaotaka kuwa waandishi wa habari, nanyi mko wengi, Papa Pio wa Kumi na Moja aliwapeni msimamizi mwaka 1923, Mtakatifu Fransisko wa Sales. Alipokuwa padre kijana katika nchi ya Chablais, ambako watu waliogopa kuja kumsikiliza, aliandika kweli katika karatasi, akazipitisha chini ya milango ya nyumba zao. Nyumba zilikuwa zimefungwa, hata hivyo hakuingia kwa jina la mtu mwingine.